Sahra Amewajibu Wanaotaka Vijiji

Walaal, kaka yangu Yusuf,

Mungu akulaze penye baridi, maana Garissa joto ni lile lile. Kisomali chetu sijui kukiandika, kwa hiyo nakuandikia Kiswahili ulichonifundisha. Ukiona makosa, kumbuka mwalimu ulikuwa wewe.

Tangu tukuzike kuna vita. Jioni hakuna kutoka, safari ni kwa msafara wa askari, na serikali inawakusanya wafugaji kwa nguvu katika vijiji vipya wakae mahali pamoja na mifugo yao. Lakini leo sikuandikii habari za vita. Nakuandikia habari za Sahra wangu! Mpwa wako uliyekuwa ukimwita "redio".

Shuleni waliambiwa mwenye insha bora ya hoja atapata nafasi ya sekondari Nairobi. Nafasi moja. Sahra akaandika kupinga vijiji, moto mtupu, nikasema kweli nimezaa. Mwalimu wake, mtu wa bara, si wa huku kwetu, mwenyewe anavitaka hivyo vijiji. Akamrudishia: "Umetukana watu, hujamjibu yeyote. Wanaovitaka wanasema nini? Andika upya." Mtoto akalia, akadhani anaonewa.

Mimi nikakukumbuka wewe kule Habaswein, ukiwaamua wanaume wawili waliokuwa wakigombania zamu ya kisima. "Mrudishie mwenzako neno lake kwanza," ulisema. "Akikubali ni lake, ndipo umjibu." Yule akarudia neno la adui yake kama anameza shubiri, nawe ukamkatiza: "Umelipunguza. Anza tena!" Nilicheka mpaka shungi likanianguka. Nikamwambia Sahra, abti yako, mjomba wako, angekutuma kwa mtu anayevitaka vijiji.

Akaenda kwa Farah, jirani yetu mwenye duka. Akamsomea. Farah akang'aka: "Binti, umenifanya mjinga! Mimi nataka watoto watulie wasome, na lori langu lifike Wajir bila kuchomwa." Akaandika tena, akamsomea tena, mpaka Farah akasema, "Haa, sasa huyo ni mimi. Tena amenishinda kusema."

Aliponisomea mimi huo mwanzo, damu ikanichemka. "Farah amekununua kwa sukari?"

"Hooyo, mama yangu, ngoja nimalize."

Walaal, akaanza kujibu! Akakubali shule inahitajika. Akakubali njia ni ya hatari. Kisha akauliza: ngamia aliyezuiwa mahali nyasi zimekwisha, atakula shule? Akifa, mtoto aliyemtegemea kwa maziwa atakaa darasani na nini tumboni? Hakumwita mtu mjinga hata mara moja. Hilo hakulipata kwangu.

Mwalimu akaandika chini: "Bado sikubaliani nawe. Lakini safari hii umenijibu mimi. Nafasi ni yako."

Ni yake, Yusuf! Nimeliambia soko zima, na waliokwisha kusikia nimewaambia tena. Farah bado anavitaka vijiji vyake, jana tu wamebishana mlangoni mpaka chai ikapoa, lakini amemletea sanduku la bati la safari. Ungekuwepo wewe pale, ungempa nani ushindi?

Msafara unaondoka Jumatatu. Wewe pumzika, walaal. Dua yangu ya Ijumaa haitakupita. Na nakuahidi jambo moja: sitalia mbele ya mtoto. Nitasimama kando ya malori nijisifu kwa sauti, mpaka kila askari ajue amembeba nani.

Dada yako,
Khadija, mama yake Sahra