Omena Zilizopata Jua, Moto na Mvua

Dada Akinyi,

Natumai huko nyumbani kuna baridi, maana huku Sori kando ya ziwa joto limenimaliza. Jana asubuhi redio ya Shangazi ilitangaza jua kali, hatari ya moto, na mvua ya radi alasiri. Shangazi akasikia jua tu, akaanika omena zake zote, hao dagaa wa ziwani, nyuma ya nyumba. Jirani yake, Mzee Odhiambo, akasikia mvua tu, akawasha moto shambani achome majani makavu kabla haijanyesha. Mimi niliyesikia yote nikasema jamani, leo si siku ya kuwasha moto!

"Wewe ni mgeni, nyathina, mwanangu," Shangazi akanijibu. "Keti unywe chai."

Saa nane upepo ukatoka ziwani, ukaubeba moto hadi kwenye ua wetu. Unadhani nani alipewa gunia lililoloweshwa akauzime? Mgeni! Tulipoumaliza tu, mvua ikamwagika, omena zote zikalowa.

Uliniagiza omena kavu. Nakuletea hizi zinazonuka moshi, na utazila, kwa sababu nyusi zangu nimeziacha kwenye moto ule.

Nisalimie watoto. Na redio, tafadhali, muisikilize mpaka mwisho.

Mdogo wako, Atieno