Mfano wa Kinaya

Jumatatu, 5 Mei
Vipindi viwili vya hadithi fupi. Ploti, wahusika, mandhari: wameelewa. Kinaya bado. Naeleza kwamba msomaji anajua jambo ambalo mhusika halijui, wanatikisa vichwa tu. Kidato cha tatu wamechoka, nami nimechoka. Nitawaandikia hadithi yangu mwenyewe, ukurasa mmoja.

Jumanne, 6 Mei
Nimeiandika baada ya alasiri, kwa mkupuo mmoja. Zuhura anashona madera. Huambia kila mtu kwamba mumewe yuko kazini Omani. Kila Ijumaa anaipiga pasi kanzu ya mume. Na mume yuko Ukunda, ana mke mwingine, dukani ananunua nepi.
Sikubuni kitu. Zuhura ni Mwanajuma, jirani yangu hapa Gazi. Mumewe, Salimu, nilimwona Ukunda mwezi wa Ramadhani, kashika pakiti ya nepi. Sikumwambia Mwanajuma. Nilijiambia hayanihusu. Nimebadilisha majina, na Gazi nimeiita Kibuyuni. Basi.
Hadithi ni nzuri. Nimefurahi. Naandika hilo nisije nikalikana.

Alhamisi, 8 Mei
Niliwagawia nakala, nikaisoma kwa sauti. Penye kanzu walicheka. Nikanyamaza kidogo ili wacheke vizuri. Kinaya kimewaingia wote.
Fatuma hakucheka. Ni binti wa Mwanajuma. Nilijua yumo darasani, nikasoma vivyo hivyo. Nilidhani jina jipya linatosha. Aliinua mkono.
"Mwalimu, mwandishi anamhurumia Zuhura au anamcheka?"
Nikasema ni swali zuri, tutalijadili kesho. Kengele ilikuwa bado. Mwoga mimi.

Ijumaa, 9 Mei
Fatuma hakuja shule. Nimekusanya nakala nikazichoma nyuma ya maktaba. Nilitoa arubaini. Zimerudi thelathini na tisa.
Cherehani ya jirani kimya tangu nirudi.

Jumamosi, 10 Mei
Nimekwenda. Nilipiga hodi mara tatu ndipo akanikaribisha. Karatasi ilikuwa mezani. Fatuma alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Nikaanza kuomba radhi, Mwanajuma akanikatiza.
"Kaa. Isome."
"Mwanajuma, nakuomba..."
"Umewasomea watoto wa watu. Nisomee na mimi."
Nikasoma. Sauti yangu ilinichukiza. Penye kanzu nilitaka kuruka mstari, akanyoosha kidole: pale pale. Nikausoma.
Nilipomaliza akaichukua karatasi. Kisha akasema:
"Umekosea jambo moja. Umeandika kwamba hajui. Mimi najua, mwaka wa pili huu. Omani ilikuwa ya Fatuma, amalize shule akijua ana baba. Hata hiyo kanzu naipiga pasi kwa kuwa mtoto anaangalia. Ulibaki mwaka mmoja na nusu tu."
Nimefundisha kinaya wiki nzima, na asiyejua nilikuwa mimi. Ningemwendea mwezi ule wa Ramadhani, angeniambia yote. Sikumwendea. Nilimfanya mhusika.

Jumatatu, 12 Mei
Nilitaka kuomba radhi mbele ya darasa. Mwanajuma amekataa. "Watauliza ni nani. Kisha watajua." Hata kutubu hadharani sina haki nako.
Fatuma amerudi. Amehamia nyuma, karibu na mlango. Tulipokutana uani aliniambia shikamoo, kwa adabu kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 14 Mei
Swali lake sikulijibu darasani. Najijibu hapa. Mwandishi alikuwa anamcheka.

Alhamisi, 22 Mei
Mvua tangu alfajiri, ikakatika saa tatu. Jioni nimemkuta Mwanajuma kwenye mfereji, tunapoteka maji. Nikamsalimu, akaitikia vizuri. Akauliza hali ya mama yangu. Akaisogeza ndoo yake ili yangu ipate nafasi.
Miaka sita tumeitana shoga. Leo ameniita Mwalimu.
Nikasema ahsante. Tukasimama, tukangoja maji yajae.