Sauti Kwenye Kiti cha Mama

Nyumbani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Habari za huko? Wifi na watoto hawajambo? Sisi wazima wa mwili. Goti la Baba limepoa, ila masikio ndiyo yanazidi kumkimbia, na jirani amechoshwa na redio yetu.

Basi nikamletea kibao tunachokitengeneza kule maabara, kazini. Kimejaa vijumba vya plastiki vyenye njia zilizopindapinda. Sauti ikipita humo, kila njia inaichelewesha kwa kipimo chake, mpaka yote inakutana mahali pamoja tu, padogo kama mto wa kulalia. Ukikaa hapo unasikia kama mtu amekuinamia sikioni. Ukisogea hatua moja, kimya.

Nilikielekeza kwenye kiti cha Mama, maana Baba siku hizi hakai kwingine. Kazini tunajaribia sauti ya mtu, si muziki. Spika ya nyuma ya kibao nilikuwa nimeiunga na simu ya marehemu Mama, nikabonyeza ujumbe wa kwanza niliouona, nikauacha ujirudie, nikaenda jikoni kutafuta gundi. Mjinga mimi!

Ulikuwa ule aliokutumia wewe wiki yake ya mwisho, ambao hukuujibu. "Mwanangu, mbona kimya? Unakuja lini?"

Niliporudi Baba alikuwa ameshakaa, machozi yanamtiririka, anamjibu: "Kesho, mke wangu. Anakuja kesho."

Kaka, huu mwezi wa pili. Nilipokizima aliniuliza Mama amenikosea nini hata nimnyamazishe, akagoma kula siku mbili. Nikawasha. Sasa nikipita sebuleni simsikii Mama, namsikia Baba tu: kesho, kesho. Naogopa nyumba yetu wenyewe, wallahi. Juzi nilikaa pale nipime kama kibao kimehama, nikashtukia na mimi nimesema kesho.

Nimekukasirikia, sikufichi. Najua kazi zimekubana, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini hilo swali si langu wala si la Baba. Njoo ukae kwenye kile kiti upate kulijibu mwenyewe, ndipo nitathubutu kukizima.

Shangazi anakusalimu sana, anauliza kama bado unakoroma. Wabusu watoto. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama.

Baba naye anakusalimu. Nilimwambia nakuandikia, akacheka, akasema wino wa bure huo, kwani si unafika kesho.

Wako akupendaye pamoja na hasira zake,
Mdogo wako.