Neno Nililomficha Mzee Bura

Alhamisi, Basotu. Baridi kali, upepo unatoka mlimani tangu asubuhi, na ngano imeanza kugeuka njano.

Leo nimemwamkia mtu mzima na hakuitikia.

Wiki tatu zilizopita bosi wetu hapa shambani aliita mkutano wa wafanyakazi wote. Aliongea Kiingereza, na mimi karani wake nikatafsiri kama kawaida. Akasema kampuni inaingia kwenye downsizing. Neno hilo nalijua vizuri, nilifundishwa chuoni. Wanalipamba wanavyotaka, lakini maana yake ni kwamba watu wanaachishwa kazi.

Ila kabla ya mkutano bosi alishanionya nisiwatie watu hofu, maana mashine mpya zilikuwa hazijafika na bado aliwahitaji. Nami nikafikiria kiti changu. Kwa hiyo niliwaambia kampuni inajipanga upya.

Wakapiga makofi.

Baadaye Mzee Bura alinifuata pale stoo ya dizeli. Ameendesha kombaini ya kuvunia ngano hapa tangu sijaanza shule. Kwao na kwetu Maretadu ni majirani, na ndiye aliyenishika mkono akanileta kuomba kazi hii.

"Mwanangu," akasema, "kuna mtu wa Katesh anataka nikamwendeshee trekta. Anataka jibu wiki hii. Huko kujipanga upya kunanigusa?"

Nikamwangalia usoni. "Kaa tu, mzee. Hapa uko salama."

Hayo bosi hakunituma. Nilijisemea mwenyewe, kwa sababu niliogopa akiondoka wengine watashtuka na mimi nitaulizwa nimewaambia nini.

Leo barua za kuachishwa kazi zimetoka, na kuzigawa nimegawa mimi. Mzee Bura alivaa miwani yake, akasoma pole pole mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Ulikuwa unajua?"

Nikainamisha kichwa.

"Yule wa Katesh ameshapata mtu," akasema, bila hata kupandisha sauti.

Jioni nikamkuta getini amebeba sanduku lake la spana. Nikasema shikamoo, mzee. Akaangalia ngano, akanipita.

Sijawahi kuona kitu kama hicho. Huku kwetu hata watu wenye kesi ya mpaka wa shamba wanaitikiana. Mgonjwa aliyelala kitandani anaitikia. Mlevi naye, hata kama amekusahau jina. Nilibaki nimesimama pale mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna kitu nimesahau ofisini.

Nilikuwa najihesabu mtu mwema, hicho ndicho kinachonishtua zaidi. Nafunga Kwaresima, natuma hela nyumbani, sigombani na mtu. Na bado nimemkosesha kazi ya Katesh mzee aliyenitafutia kazi yangu, tena kwa sentensi moja fupi.

Jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaoachishwa. Ningependa kuandika kwamba hilo halijanifurahisha, lakini asubuhi nilipoiona nilishusha pumzi.

Kesho sipiti ofisini kwanza. Nitakwenda nyumbani kwake, nimwambie mbele ya mkewe kwamba nilijua, na kwamba niliogopea kiti changu. Halafu niende Katesh mwenyewe, niulize kila mwenye trekta kama anahitaji dereva.

Nikifika mlangoni nitamwamkia tena. Ila ningekuwa mimi ndiye yeye, ningeitikia?