Baba, Ulikataa Kuvua Viatu kwa Mfalme

Kwako Baba, Mwalimu wangu,

Leo ni Jumanne, siku ya kliniki ya sukari. Tangu asubuhi nimewaambia watu thelathini na kitu wavue viatu, na wote wamevua bila ubishi: wazee kutoka Kanyakine, akina mama wanaouza ndizi soko la Gakoromone, hata mchungaji mmoja mwenye soksi iliyotoboka. Naangalia katikati ya vidole, nabonyeza wayo, nauliza, hapa unasikia? Kisha nimekaa chumba cha chai kukuandikia wewe, ambaye sikukuangalia mguu hata mara moja.

Naandika waziwazi kwa sababu ile hadithi niliieneza waziwazi. Watu wetu wa Runyenjes wanaijua, na wengi waliisikia kutoka kwa mdomo wangu. Eti Mwalimu alisafirishwa mpaka Uganda kuona jumba la kale la wafalme, akafika mlangoni, akagoma kuingia kwa sababu hawezi kumvulia mfalme viatu. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa nataka waisikie yote.

Ulifundisha habari za falme za Uganda zaidi ya miaka thelathini na ulikuwa hujavuka mpaka. Nakukumbuka darasa la tano, mimi dawati la mbele, na bado ulinichapa kama wengine. Ulichora lile jumba ubaoni, paa la nyasi likishuka karibu kugusa ardhi, ukatuambia ndani kumetandikwa nyasi laini na vitambaa vya magome ya miti vinaning'inia kutoka juu. Mtoto mmoja akauliza mfalme wetu sisi Waembu alikuwa nani. Ukasema hatukuwa naye, tulikuwa na wazee wenye maneno mengi. Halafu ukautazama mchoro wako tena, ukasema siku moja utaingia humo ndani.

Kwa hivyo akina mama wa kanisa walipopanga safari likizo ya Aprili, niliomba ruhusa kazini, nikaandikisha majina yetu mawili. Ulikuwa unaniita Mama, kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Ulinipigia simu mara tatu kwa wiki moja kuniuliza, "Mama, kweli tunaenda?" Sijawahi kukuona na furaha kama hiyo, hata siku ulipostaafu.

Tulifika mvua ikiwa imekatika. Tulizungushwa bustani kwanza. Mama aliyetutembeza alituonyesha ile miti ambayo gome lake hutolewa kutengenezea vitambaa, akaeleza kwamba wakishauchuna mti huufunga kwa majani ya migomba mpaka ngozi yake irudi. Ulisimama hapo sana. Ukauliza unachukua muda gani kupona, na je, kuna unaokataa kupona. Mimi nilikuwa mbele nikikuita uharakishe. Ulikuwa unatembea polepole, na nikasema moyoni ni uchovu wa basi.

Mlangoni tuliombwa kwa heshima tuvue viatu. Akina mama wote wakainama, wakavua. Wewe ukautazama mlango, ukavitazama viatu vyako vyeusi vya kanisani.

"Ingieni nyinyi," ukasema. "Mimi wacha niangalie maua."

Baba, mimi huwaka haraka, na unajua hiyo hasira niliitoa wapi. Nilikuambia mbele ya watu wote usinitie aibu. Nikakuuliza kwa nini maisha yako yote umekuwa ukiimba jumba, jumba, na leo unaringa, kwani mfalme ndiye atoke akuvulie? Akina mama wakacheka. Ukawatabasamia. Nikasema basi kaa hapo, nikaingia.

Ndani kulikuwa vilevile ulivyotuambia darasani. Nilipiga picha za kila kona, na nakiri nilizipiga kwa kisirani, nikukomeshe nazo. Nilipotoka ulikuwa umeketi kwenye ukuta mfupi wa bustani, mguu mmoja umeunyoosha mbele. Ukaniuliza kama zile nyasi kweli zimetandikwa.

"Ungeingia ungeziona," nikakujibu.

Ukainuka kwa kushikilia ukuta, ukaelekea kwenye basi.

Na sikuishia hapo. Kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya binti wa shangazi, mahari ikiwa imeshapokewa na watu wameshiba, nilisimama nikaisimulia safari yetu. Nilikuigiza, mikono nyuma, kidevu juu. Ulicheka pamoja nao, miguu umeirudisha chini ya kiti. Nilikuona ukiirudisha. Mimi, nesi wa miguu, niliona na nikaendelea kuchekesha watu.

Mwezi wa saba ndugu yangu Njeru alipiga simu kwamba una homa na chumba chako kinanuka. Nilipofika alikuwa ameshakuvua viatu. Kidonda kilikuwa chini ya kidole gumba cha mguu, cha zamani, umekifunga kwa kipande cha fulana. Ulikuwa nacho kabla hatujaenda Uganda. Kliniki yako ya sukari ulikuwa umeacha kwenda, lakini kwenye simu ulikuwa unaniambia sukari iko sawa, Mama, nami nikakubali. Wenzangu kazini waliponiuliza kwa nini sikuwahi kukuangalia miguu, nilisema kwetu binti mkubwa hamshiki babake mwilini. Ni kweli, ni heshima yetu. Lakini pia nilijificha nyuma yake, kwa sababu kukupima wewe kungekuwa ugomvi wa siku nzima na mimi nilikuwa nimechoka.

Hospitalini walikukata mguu chini ya goti. Siku ya pili, ulipopata nguvu kidogo, nilikuuliza kwa nini hukuniambia siku ile, hata kwa kuninong'oneza. Ukanijibu:

"Ningevua, Mama, ungekuwa nesi palepale. Ungegeuza basi. Nilitaka siku moja tu nitembee na mtoto wangu."

Nilikuambia upumzike, usiongee sana. Hilo ndilo jibu nililokupa. Mwezi wa kumi tukakuzika kando ya kahawa, na kanisa zima likaimba.

Watu huniambia ulikuwa mzee, ulikula chumvi ya kutosha, nisijitese. Nawashukuru, kisha narudi kazini nakuta mzee mwingine anayeogopa kuvua, na naanza upya. Siwafokei tena. Napiga magoti, nawafungulia kamba mwenyewe.

Mliocheka kwa sababu yangu, sikieni: Mwalimu hakuringa. Mwalimu alitaka kuingia kuliko sisi sote tulioingia.

Na wewe Baba, nimejaribu kujidanganya kwamba angalau ulipata ile siku uliyoilipia kwa mguu. Hukuipata. Nilikuacha bustanini saa nzima, peke yako na kidonda chako, nikaenda kupiga picha. Sikuwa nesi wako siku hiyo, kama ulivyotaka. Lakini mtoto wako pia hukutembea naye.

Pumzika, Mwalimu.

Bintiyo Wawira, uliyemwita Mama