Maelezo ya Dada Ushauri Kuhusu Pasipoti ya Mapozi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jambo linalochunguzwa: Kupotea kwa pasipoti ofisini
Mtoa maelezo: Anafahamika kwa jina la Dada Ushauri
Umri: Miaka 43
Kazi: Karani wa wateja, ofisi ya wakala wa safari
Makazi: Chumba cha kupanga, mtaa wa mafundi cherehani
Tarehe: Ijumaa, 14 Juni
Yameanza kuandikwa: Saa 4:10 asubuhi

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu na nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Natoa maelezo kuhusu pasipoti ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ambaye ofisini tunamwita Mapozi. Ndege yake inaondoka leo saa 8:30 mchana. Dawati la kupokea mizigo linafungwa saa 7:00 kamili. Nalijua hilo kwa sababu tiketi nilimkatia mimi. Najua pia kwamba mfanyakazi wetu wa usafi, tunayemwita Mama Mkubwa, mnamshikilia tangu jana kwa kosa la kuiba pasipoti hiyo, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ufunguo saa ya chakula.

Afande ameniambia nianze mwanzo, nifuate mpangilio, nisiruke kitu. Sawa, sitaruka.

Kwa miaka kumi na miwili kazi yangu ni kuandaa safari za watu. Mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Uwanja wa ndege huwa naishia mlango wa vioo, pale wasiosafiri wanapoambiwa basi, rudini. Lakini mteja akirudi namkalisha, namwekea chai, namhoji kuliko nyinyi mnavyohoji watu hapa. Ulikaa kiti gani? Ulikula nini, na nani alikuwa anakula hapo zaidi yako? Miguu ilianza kuvimba saa ngapi? Nayaandika kwenye daftari, kisha nayatoa kwenye karatasi ya ushauri ambayo kila msafiri wetu hupewa. Ndiyo maana wateja wameniita Dada Ushauri.

Afande ameuliza karatasi hiyo inahusiana vipi na pasipoti. Inahusiana sana. Naijua kwa moyo. Inasema ukishakaa tu kwenye ndege, geuza saa yako ifuate saa za huko unakokwenda, na ulale kwa saa hizo hata kama macho hayataki. Omba kiti cha njiani, usidanganyike na dirisha, maana baada ya nusu saa ni mawingu matupu, jirani kalala, na wewe umebanwa na haja unaogopa kumruka. Vaa viatu vya kulegeza kamba. Kunywa maji kabla ya kiu. Chakula cha ndege kula nusu, tumbo likiwa juu angani halina utani. Ukifika, usile mahali penye mtu mlangoni anayekuvuta mkono. Tafuta pale wafanyakazi wa mtaa huo walipopanga foleni mchana, panga nyuma yao, agiza alichoagiza wa mbele yako. Kama kuna chakula kinakudhuru, omba uandikiwe jina lake kwa lugha ya wenyeji kwenye kikaratasi, umwonyeshe mpishi. Jumba la sanaa ingia wanapofungua, anzia ghorofa ya juu ushuke, na usijidai kumaliza picha zote. Chagua tatu. Kaa mbele ya kila moja mpaka uchoke, halafu kaa tena kidogo.

Afande amesema hapa si ofisi ya safari. Ametoka kupokea simu, amerudi saa 4:50, tunaendelea.

Mapozi nilimleta mimi ofisini miaka miwili iliyopita baada ya mama mdogo kuniomba. Nilimfundisha kila kitu, hadi namna ya kumwambia mteja viza yake imekataliwa bila mteja kulia. Akapewa kazi ya kuchapa karatasi zangu kwenye kompyuta, maana Bosi anasema mwandiko wangu ni kama kuku kapita na matope. Akachapa. Chini kabisa akaweka jina lake. Nilipomuuliza alisema, "Dada, si ndiyo utaratibu, anayechapa anaweka jina." Ni mdogo wangu, nikaona nikigomba nitaonekana mimi ndiye mtoto.

Mnamo tarehe 20 Mei saa 3:00 asubuhi Bosi alitusomea barua. Kampuni inayopokea wageni wetu huko ng'ambo imezipenda zile karatasi, na inamwalika aliyeziandika kwa siku kumi: ndege, chakula, majumba ya sanaa, kila kitu juu yao. Nilisimama. Nilisimama hata kiti kikaanguka nyuma yangu. Bosi alinitazama, akamtazama Mapozi, akasema, "Dada yangu, ukiondoka wewe ofisi hii nani ataibeba? Aende Mapozi. Ni kijana, na picha zitatoka vizuri." Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga, tena kwa nguvu kuwashinda wote, viganja vikaniwasha mpaka jioni.

Nimeulizwa kama Mapozi alisema kweli mbele ya Bosi, kwamba karatasi si zake. Hakusema. Aliinama kama bibi harusi.

Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Alinunua mto wa shingo, akawa anauvaa ofisini anapojibu simu, eti anauzoesha. Wateja wangu, niliowahudumia mimi, wakawa wanampongeza yeye. Mama mdogo alinipigia simu akasema, "Umemfikisha mbali mwenzio, Mungu akulipe." Nikasema amina. Roho iliniuma hata chakula kikawa hakipiti.

Nimeulizwa kama nina chuki naye. Chuki hapana. Ni wivu, Afande, andika wivu. Chuki ukimnunia mtu siku mbili tatu inapungua. Huu ulikuwa unaamka kabla yangu.

Jumanne tarehe 11 Juni saa 10:00 jioni nilimwita nimpe maelekezo ya safari, maana hata hivyo sikutaka aende kuaibika. Kuna picha moja huko, mwalimu mmoja mstaafu ambaye ni mteja wangu alinisimulia. Ni ndogo, iko chumba cha mwisho, watu wanaipita. Mwanamke anakunja shuka peke yake, ncha moja kaibana kwa kidevu. Mwalimu alikaa mbele yake saa nzima. Nilimhoji siku tatu kuhusu picha hiyo. Najua rangi ya ukuta wake, najua mwanga unaingilia wapi. Nikamwambia Mapozi, "Ukifika, hiyo usiikose." Akacheka. "Mtu anakunja shuka? Mbona hata mimi nakunja, dada." Alipoona sikucheka akanishika bega, akasema, "Basi usijali. Nikirudi nitakusimulia kila kitu, uandike."

Nikarudia kichwani: nitakusimulia, uandike. Damu ilinichemka mpaka masikio.

Sasa nieleze utaratibu wetu wa bahasha. Kila msafiri ana bahasha ya kaki yenye tiketi, pasipoti na karatasi ya ushauri, na zinapangwa kwenye droo kwa tarehe ya kusafiri. Bahasha ikishapigwa mhuri haifunguliwi na mtu yeyote ofisini. Msafiri ndiye anayeifungua, jioni ya kuamkia safari, mbele yetu. Kanuni hiyo niliiweka mimi, kwa sababu zamani tulikuwa tunapoteza vitu kila wiki.

Mnamo Jumatano tarehe 12 Juni saa 6:40 mchana wenzangu walikwenda kula. Mama Mkubwa alikuwa anapiga deki kwenye korido. Alinichungulia akauliza, "Huendi kula, mwanangu?" Nikasema sina njaa. Akapita na ndoo yake. Nilivuta droo, nikachukua pasipoti ya Mapozi kwenye bahasha yake ambayo ilikuwa bado haijapigwa mhuri, nikaichomeka kwenye bahasha ya mteja anayesafiri tarehe 5 Julai. Hiyo ya mteja nikaifunga kwa gundi, nikaipiga mhuri.

Hapa Afande ameweka kalamu chini. Amenionya kwamba kuanzia sasa si shahidi tena, silazimiki kusema lolote, na nitakalosema linaweza kutumika dhidi yangu mahakamani. Nimeelewa. Nimesema aendelee kuandika. Saa ya ukutani ilikuwa 5:20.

Sikutaka kuiba. Nilitaka ndege imwache tu. Tarehe 4 Julai mteja angefungua bahasha mbele yetu, pasipoti ingedondoka, tungesema jamani imekosea njia, na asingelaumiwa mtu. Ndivyo nilivyopiga hesabu zangu.

Lakini jana Alhamisi saa 3:15 asubuhi Mapozi alipokuja kuchukua bahasha yake na kukuta tiketi bila pasipoti, hakulia kama nilivyotegemea. Alipiga ukelele mmoja, akapiga simu polisi. Mkaja saa 4:00, mkauliza nani alibaki na ufunguo, Bosi akamtaja Mama Mkubwa. Mkamchukua na aproni yake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mashine ya kunakili.

Mlipoondoka nilikwenda kwenye droo nijifanye nimeiona. Bahasha ya tarehe 5 Julai haikuwepo.

Afande amemtuma askari apige simu ofisini kuhakikisha. Jibu limerudi baada ya dakika ishirini na tano, kwamba anayepokea simu hajui lolote na Bosi yuko uwanja wa ndege na Mapozi wanawabembeleza watu wa ndege. Afande ameniuliza bahasha ni ya nani na iko wapi. Nimemjibu kwamba mambo yaandikwe kwa mpangilio, kama alivyonielekeza mwenyewe. Amepiga meza. Nimemwambia anaweza kupiga meza.

Saa 6:05 mlango umefunguliwa, askari akamleta Mama Mkubwa anywe dawa yake ya presha, kwa kuwa jagi la maji liko chumba hiki. Alikuwa hana viatu. Aliponiona alifurahi, akamgeukia askari, "Si nilikwambia nina mtu wangu atakuja?" Kisha akanitazama usoni. "Hata leo hujala, mwanangu. Umesinyaa."

Nilimuuliza mbele ya Afande kwa nini hakusema kwamba siku ile aliniona kwenye droo. Akasema, "Nilikuona umeshika bahasha. Kila siku umeshika bahasha. Sasa hapo niseme nini?" Hakuwa ananificha. Halikumpitia hata akilini kwamba ni mimi.

Basi. Bahasha iko kwa yule mwalimu mstaafu, nyumba yenye geti la kijani nyuma ya shule ya msingi, dakika kumi kwa gari kutoka hapa. Alipita ofisini jana saa 2:30 asubuhi kabla sijafika. Anakwenda kuaga ndugu zake wiki ijayo, akaomba bahasha yake mapema, Bosi akampa mkononi bila kuandika kwenye kitabu. Atakuwa hajaifungua. Ni mtu wa kufuata kanuni, na kanuni nilimpa mimi.

Nimeulizwa nilijua lini. Jana jioni, Bosi aliponitajia. Saa 11:00 nilifika mpaka kwenye geti lake. Nilimwona kibarazani anasoma karatasi yangu ya safari yake iliyopita, kavaa miwani, anapigia mistari. Ningebisha hodi, ningesema nipe mara moja nirekebishe kitu, angenipa. Sikubisha. Kichwani nikamwona Mapozi kwenye kiti cha ndege kavua viatu, nikageuka nikaenda zangu.

Na leo, Afande, ungeniuliza saa 4:10, jibu lingekuwa sentensi moja. Nilikusudia kuongea mpaka saa 7:00. Yote niliyosema ni kweli, lakini niliyasema marefu kwa makusudi, na kila ulipotoka kupokea simu nilifurahi. Nimeshindwa dakika hamsini kabla. Kama una gari, liondoke sasa hivi. Njia ya uwanja wa ndege mchana ina foleni.

Hayo ndiyo niliyokuja kuyasema, pamoja na mengine ambayo sikuja kuyasema. Nimesomewa, nimekubali kuwa ni yangu.

Sahihi ya mtoa maelezo: (ametia sahihi)
Yamemalizika kuandikwa: Saa 6:15 mchana

MAELEZO YA AFISA

Nimeyaandika maelezo haya kwa mkono wangu na kumsomea mtoa maelezo neno kwa neno. Bahasha imepatikana kwa mwalimu mstaafu saa 6:28, ikiwa na mhuri na haijafunguliwa. Ndani kulikuwa na pasipoti mbili. Ya mlalamikaji imefikishwa uwanja wa ndege saa 7:12. Dawati lilikuwa limefungwa. Mlalamikaji hakusafiri.

Mfanyakazi wa usafi ameachiwa huru saa 6:20 na kuombwa radhi.

Mtoa maelezo anashikiliwa kama mtuhumiwa. Saa 9:20 alasiri mlalamikaji amefika kituoni na begi lake la safari. Amesema kwa hiari yake kwamba karatasi za ushauri hakuziandika yeye, ameomba hilo liingizwe kwenye jalada, na ameomba kumwekea dada yake dhamana.

Mtuhumiwa ameelezwa. Amekataa dhamana hiyo. Alipoulizwa sababu alisema: "Mwambieni arudi nyumbani. Hata kwa wema anataka anishinde?"