Uliponipa Mgongo Stendi ya Nachingwea

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua safari hii marahaba sitaisikia, lakini hata ulipokuwa hai uliitikia kwa kukohoa kidogo na kuendelea na shughuli zako, kwa hiyo nitachukulia umekohoa. Jana arobaini yako ilitimia. Hapa Dar wananishangaa: mtu katoka kumzika mjomba wake, mbona katulia hivyo? Nimeshindwa kuwaeleza. Nimeona nikuandikie wewe, maana ulikuwepo.

Siku niliyoondoka kwenda sekondari niliikumbuka vibaya kwa miaka mingi. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, baba yangu mwenyewe alikuwa akiulizwa jambo langu anajibu, "Mtoto ana wajomba zake." Basi matokeo yalipotoka, mama alinileta kwako Mkotokuyana, tukakaa mkekani tukikungoja useme. Ulikuwa unanoa panga. Ulinoa mpaka nikadhani litakwisha. Kisha ukasema neno moja tu, "Aende," ukalichukua panga lako ukaenda shambani, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa. Hakuna mtu anayekwenda shambani saa saba. Nikajua umekasirika.

Siku ya safari ulibeba sanduku langu la bati mpaka Nachingwea mjini, kimya njia nzima. Pale stendi wazazi wa wenzangu walikuwa wanapunga mikono, na baba wa mmoja alikuwa analia waziwazi bila kujali nani anamwona. Wewe ulipakia sanduku kwenye lori, ukakagua kamba, ukageuka kutazama ukuta wa duka la vitenge. Nikaita, "Mjomba! Tunaondoka, Mjomba!" Hukugeuka. Lori likakata kona nami bado nautazama mgongo wako, na lile shati la kijivu lililochanika begani.

Nikasusa. Miaka tisa sikukanyaga kwako. Likizo nilikuwa nakwenda kwa mama mdogo Masasi, na mama ananifuata hukohuko. Kila alipoleta salamu zako nilimuuliza, "Ni zake kweli, au umezitunga?" Maskini mama, alikuwa anatazama pembeni.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa Dar, chuo nimemaliza, kazi sina. Mwalimu mmoja wa saikolojia alikuwa anatafuta makarani wa utafiti wake kuhusu namna watu wanavyoonyesha hisia bila kusema. Unamwonyesha mtu picha za nyuso, moja baada ya nyingine, unamuuliza: huyu anahisi nini? Furaha, huzuni, hasira, hofu. Unaweka alama ya vema kwenye fomu. Katika mafunzo tuliambiwa pia kwamba mtu anayekupa mgongo, mara nyingi amekukataa. Niliiandika sentensi hiyo nikaipigia mistari miwili. Hata chuo kikuu kimekuona, Mjomba, nikajisemea.

Nilipangiwa Ruangwa na Nachingwea kwa sababu Kimwera nakijua. Kijijini Nanganga, bibi mmoja aliipokea picha ya kwanza, akaigeuza akatazama nyuma yake, akaigeuza tena.

"Mikono yake mmeiweka wapi?"

"Bibi, picha ni ya uso tu."

"Basi mimi nitamjuaje?"

Nikaandika: hajajibu. Kijiji cha Chunyu nako, wazee walikuwa vilevile, hajajibu, hajajibu, fomu nzima. Nilianza kuwaona wazee wa kwetu wagumu kupita kiasi, na moyoni nikasema najua mkubwa wao ni nani.

Kijiji cha mwisho kilikuwa Mkotokuyana. Majina yalichaguliwa kwa kura kwenye daftari la mtendaji, na la nne lilikuwa lako. Ningeweza kubadilishana na mwenzangu. Sikutaka. Nilitaka ukae mbele yangu unijibu, hata kama maswali ni ya watu wengine.

Nilikukuta barazani unabangua korosho. Ulinitazama miguu, uso ukauruka. "Umekonda," ukasema. Nikafungua fomu.

Picha ya kwanza, hujui. Ya pili, hujui. Ya tano, mwanamke anacheka meno yote nje, uliishika muda mrefu.

"Huyu anacheka."

"Niandike furaha?"

"Nimesema anacheka. Furaha siijui. Mikono haipo."

Hapo nikashindwa kujizuia. Miaka tisa, halafu tunaongea mikono! "Na mtu akikupa mgongo, Mjomba? Hapo unajua nini?"

Swali hilo halikuwa kwenye fomu, na nadhani ulilijua. Uliacha kubangua. Vidole vyako, vyeusi kwa mafuta ya korosho, vikaanza kuchambua ukingo wa mkeka, ukindu mmoja mmoja.

"Siku ile ya lori?"

"Siku ile ya lori."

"Mikono yangu uliiona?"

"Nitaionaje? Niliona mgongo."

Uling'oa ukindu mmoja, ukaukunja. Kisha ukasema, "Mama yako alitaka uende. Mwalimu alitaka uende. Lakini mwenye neno nilikuwa mimi. Ningekuona unalia, ningesema shuka. Na ungeshuka. Nikaona bora nitazame vitenge."

Nililia pale barazani, Mjomba, mpaka fomu ikalowa. Hukunibembeleza. Uliteua korosho nzimanzima, zile ambazo hazijavunjika, ukanimwagia mapajani, ukaendelea kubangua. Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Nilikuwa nimetembea miaka tisa nikijua nimekataliwa na mtu ambaye neno lake lilinitosha, kumbe nilikosea kusoma. Nilipumua mpaka kifua kikauma.

Yule mwalimu nilipomweleza alicheka sana, halafu akatutuma turudi na picha za watu wazimawazima, kichwa mpaka miguu. Bibi wa Nanganga alijibu zote, tena kwa maringo.

Siku niliyoondoka ulinisindikiza hadi barabarani. Gari la utafiti lilipowaka ukageuka, kama kawaida yako, ukatazama mikorosho. Ila safari hii uliirudisha mikono nyuma ya mgongo, mahali ninapoiona. Ilikuwa imeshikana, kidole gumba kimoja kinakisugua kingine taratibu, taratibu. Sikukuita. Niliitazama mpaka kona.

Baada ya hapo nilikuja kila mwaka, na kila nilipoondoka tuliagana hivyohivyo. Hatukulizungumza tena. Hata mama aliacha kutunga salamu, akawa analeta korosho tu.

Kwa hiyo nakusimulia siku ya mazishi, kwa sababu sehemu hii hukuiona. Wanaume walipoinua jeneza kulitoa uani, wanawake wote walikuwa wanalitazama na kulia. Mimi niligeuka nikatazama mikorosho. Mama mdogo akaja kuninong'oneza, "Geuka, watu watasema huna uchungu na mjomba wako."

Sikugeuka. Ningegeuka ningekwambia ushuke. Lakini mikono yangu nilikuwa nimeiweka nyuma.

Mpwa wako, uliyemwacha aende.